Miti ya Sentensi: Jinsi Sarufi ya Kihisabati Inavyoeleza Muundo wa Lugha

Ichukuliwe kwamba kijiji kimoja cha bondeni kimezingirwa na mafuriko, na mashua ya uokoaji ni moja tu. Ofisa anayesimamia shughuli hiyo anabandika tangazo: "Watoto na wazee wagonjwa wapande kwanza." Je, mtoto mwenye afya apande, au angoje safari ya pili? Kila neno katika tangazo hilo lafahamika. Hata hivyo, watu wawili wenye akili timamu wanaweza kulisoma na kufikia uamuzi tofauti. Wa kwanza ataiunganisha sifa ya ugonjwa na wazee peke yao, na kwa hiyo kila mtoto atapanda. Wa pili ataunganisha kwanza watoto na wazee, kisha aiweke sifa hiyo juu ya wote kwa pamoja. Hapo mtoto mwenye afya atabaki ukingoni.

Tofauti hiyo haimo katika maneno wala katika mfuatano wake. Imo katika jambo ambalo halisikiki wala halionekani karatasini, yaani namna maneno yanavyoshikana kuwa mafungu. Wanafunzi wa sekondari hukutana na jambo hili wanapochanganua sentensi kwa mchoro wa matawi. Yasikitisha kwamba mara nyingi zoezi hilo hufundishwa kana kwamba ni somo la kuchora: mistari inyooke, vifupisho viandikwe mahali pake, basi. Mti wa sentensi si pambo. Ni dai la kisayansi kuhusu lugha, na kama madai mengine ya kisayansi, laweza kupimwa na laweza kukataliwa. Ni kwa kupimwa hivyo kwamba, mnamo mwaka 1985, lugha moja ya milima ya Uswisi na lugha moja ya Afrika Magharibi zilibadili fikira za wataalamu juu ya aina ya miti inayohitajika.

Kanuni na matawi

Kwa kuwa michoro hula nafasi, wataalamu huandika miti kwa mabano. Kila bano hufungua fungu, na herufi inayolifuata hutaja aina ya fungu hilo: S ni sentensi, KN ni kikundi nomino, KT ni kikundi tenzi, N ni nomino, V ni kivumishi, T ni kitenzi. Maana mbili za tangazo la mashua basi zaandikwa hivi:

[KN [KN watoto] na [KN wazee wagonjwa]]
[KN [KN watoto na wazee] wagonjwa]

Maneno ni yaleyale, miti ni miwili. Katika Kiswahili upatanisho wa ngeli mara nyingi hutuokoa na utata wa namna hii. Katika "vitabu na kalamu mpya" msomaji huelekea kuipa kalamu peke yake sifa ya upya, kwa sababu vitabu vingedai "vipya". Lakini watoto na wazee wote ni wa ngeli moja, na kiambishi wa- hakichagui.

Miti haiwezi kuhesabiwa na kukusanywa yote kitabuni, maana sentensi za lugha hazina mwisho. Kinachowezekana ni kuandika kanuni chache zinazoizalisha. Kwa mfano:

S → KN KT
KN → N
KN → N V
KT → T KN

Mshale husomwa "hufumbuliwa kuwa". Kutokana na kanuni hizo nne na msamiati mdogo hupatikana "Mkulima hodari amepanda mahindi", na pia "Mahindi amepanda mkulima hodari", jambo linaloonyesha kuwa kanuni za upatanisho na maana zingali zahitajika. Sarufi ya namna hii huitwa sarufi isiyotegemea muktadha, kwa sababu kila kanuni hufumbua alama moja bila kuangalia majirani zake. Noam Chomsky, mtaalamu wa isimu wa Marekani, ndiye aliyeiweka katika ngazi maalumu ya sarufi, kwanza katika makala ya mwaka 1956 na kisha katika kitabu chake kidogo cha mwaka 1957, Syntactic Structures. Chini yake aliweka sarufi dhaifu zaidi iliyo kama mnyororo, ambamo neno moja huamua lipi laweza kulifuata. Juu yake aliweka sarufi zenye nguvu zaidi, ambazo kompyuta huzichanganua kwa taabu kubwa, au hazimalizi kabisa.

Swali lililobaki ni hili: lugha za wanadamu ziko wapi katika ngazi hiyo? Si swali la mapambo. Sarufi iliyo dhaifu mno itaziacha nje sentensi ambazo watu husema kila siku. Sarufi yenye nguvu mno itaruhusu lugha ambazo hakuna mtoto awezaye kuzijifunza, na haitaeleza chochote.

Rundo la sahani na foleni

Kwamba mnyororo hautoshi kwaonekana hata katika Kiswahili. Itazamwe sentensi hii:

Kitabu ambacho mtoto ambaye mwalimu alimsifu alikiazima kimepotea.

Ni sentensi nzito, na mzungumzaji hodari angeikwepa kwa kusema "Kitabu alichokiazima mtoto aliyesifiwa na mwalimu kimepotea". Hiyo ni hekima mojawapo ya kirejeshi cha Kiswahili, kwamba huruhusu kiima kisogee nyuma ya kitenzi. Lakini ile nzito ni sahihi, na mpangilio wake wafunza. Nomino zinakuja kwa utaratibu huu: kitabu, mtoto, mwalimu. Vitenzi vyake vinakuja kwa utaratibu wa kinyume: alimsifu ni cha mwalimu, alikiazima ni cha mtoto, kimepotea ni cha kitabu. Anayesikiliza ni kama anayepanga sahani juu ya nyingine: iliyowekwa mwisho ndiyo huondolewa kwanza. Mnyororo wa maneno hauna rundo la kuwekea sahani. Sarufi isiyotegemea muktadha inalo, kwa kuwa fungu hufunguliwa ndani ya fungu na kufungwa kabla ya lile la nje.

Kwa miaka mingi baadaye wataalamu walibishana iwapo rundo hilo latosha kwa lugha zote. Hoja nyingi zilizotolewa kupinga zilikuwa na dosari. Kiholanzi kilileta mashaka makubwa zaidi, maana katika vishazi vyake tegemezi nomino hutangulia kwa utaratibu wa kwanza, pili, tatu, na vitenzi vyake hufuata kwa utaratibu uleule wa kwanza, pili, tatu. Huo si utaratibu wa rundo la sahani. Ni wa foleni ya dukani, ambapo aliyetangulia kufika ndiye anayetangulia kuhudumiwa. Lakini nomino za Kiholanzi hazibadili umbo kufuatana na kitenzi chake. Kwa hiyo kanuni za rundo zaweza kutoa mfuatano uleule wa maneno, ila zitaiunganisha nomino na kitenzi kisicho chake. Joan Bresnan na wenzake walieleza jambo hili mwaka 1982: maneno yanatoka sawa, mti ndio uliopotoka. Tofauti hiyo baina ya kupata maneno sahihi na kupata mti sahihi yafaa ikumbukwe na kila mwalimu anayesahihisha michoro ya matawi.

Mwaka 1985 Stuart Shieber alitoa ushahidi uliokata shauri, kutokana na Kijerumani kinachosemwa Uswisi. Lugha hiyo nayo hupanga foleni. Kishazi chake, kikiwekwa maneno ya Kiswahili kwa utaratibu wa Kiswisi, husema "kwamba sisi watoto Hans nyumba tunaacha kusaidia kupaka rangi", yaani tunawaacha watoto wamsaidie Hans kupaka nyumba rangi. Lakini hapa, tofauti na Kiholanzi, kitenzi chenye maana ya kusaidia hudai nomino yake ivae umbo la yambwa tendewa, ilhali vile vya kuacha na kupaka rangi hudai umbo la yambwa tendwa. Umbo likikosewa, sentensi huharibika masikioni mwa mzungumzaji. Na kwa kuwa vitenzi hivyo vyaweza kuongezwa bila kikomo kilichowekwa na sarufi, idadi ya nomino za umbo moja yapaswa ilingane na idadi ya vitenzi vinavyoidai, na za umbo la pili vivyo hivyo, huku mafungu yakipishana. Hisabati yathibitisha kwamba hakuna sarufi isiyotegemea muktadha iwezayo kutimiza sharti hilo.

Mwaka huohuo Christopher Culy alifikia jambo hilo kwa njia nyingine, kutokana na Kibambara cha nchini Mali. Huko wulu ni mbwa, na wulu o wulu ni mbwa yeyote awaye. Nomino yapaswa kurudiwa ilivyo, pande zote mbili za o. Wakati huohuo Kibambara huunda nomino mpya kwa kuambatanisha nomino, kitenzi na kiambishi cha mtendaji: mtafuta mbwa ni neno moja, mwangaliaji wa mtafuta mbwa laweza kuwa neno moja, na kadhalika. Neno lolote refu namna hiyo, likitaka kupewa maana ya "yeyote", sharti lirudiwe lote kwa utaratibu uleule, silabi ya kwanza ikitangulia tena. Hiyo ni foleni, na safari hii imo ndani ya msamiati. Kiswahili nacho hurudia maneno, kama polepole na mbalimbali, lakini kinachorudiwa ni kifupi na chenye kikomo, kwa hiyo hakithibitishi kitu. Si haba kwamba mojawapo ya hoja mbili zilizomaliza ubishi huo ilitoka katika lugha ya Afrika ambayo wanahisabati wengi hawakuwa wamewahi kuisikia.

Miti badala ya kanuni

Jibu la swali hilo lilikuwa limekwisha kuandaliwa miaka kumi kabla. Aravind Joshi, aliyezaliwa Pune, India, mwaka 1929 na kufundisha kwa miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania hadi uzeeni (alifariki mwaka 2017), alichapisha mwaka 1975 pamoja na Leon Levy na Masako Takahashi makala iliyopendekeza sarufi ya aina mpya. Wazo lake ni jepesi kutamka: badala ya kuanza na kanuni ambazo hujenga mti tawi kwa tawi, sarufi ianze na miti midogo iliyokwisha kukamilika, kisha iwe na njia mbili tu za kuiunganisha.

Njia ya kwanza ni kupachika. Mti mdogo wa kitenzi huja na nafasi tupu za kiima na yambwa yake, ambazo hapa zimewekewa mshale:

[S KN↓ [KT [T amesoma] KN↓]]

Mti [KN mtoto] hupachikwa katika nafasi ya kwanza na [KN kitabu] katika ya pili, na sentensi "Mtoto amesoma kitabu" hupatikana. Hakuna kikubwa hapo. Kanuni za kawaida zingefanya kazi hiyohiyo.

Njia ya pili ndiyo yenye siri. Nayo ni kuchopeka. Mkulima wa michungwa aliyewahi kubebesha miche ataielewa upesi: hukata shina, huweka kipande cha mti mwingine, na kipande hicho huendelea kuishi juu ya shina lililokatwa. Katika sarufi, mti hukatwa kwenye kifundo fulani, mti saidizi huingizwa hapo, na sehemu iliyokatwa hutundikwa chini ya mti saidizi. Ili jambo hilo liwezekane, mti saidizi lazima uwe na kifundo kimoja cha chini chenye jina sawa na la kilele chake. Kifundo hicho hutiwa alama ya nyota. (Jina lake la kigeni, likitafsiriwa neno kwa neno, hutoa "kifundo cha mguu", ambacho ni mambo ya mganga, heri kukiita kifundo cha nyota.)

Uwezo wa kuchopeka waonekana wazi katika sentensi za Kiswahili zenye yambwa iliyotangulizwa. Uchukuliwe mti huu:

[S [KN kitabu hiki] [S [KN mtoto] [KT [T amekisoma]]]]

Humo, kiambishi -ki- cha kitenzi hupatana na kitabu, na vyote viwili vimo katika mti mmoja mdogo. Upatanisho umekwisha kukamilika. Sasa uandaliwe mti saidizi:

[S [KN mwalimu] [KT [T anadhani] kuwa S*]]

Mti wa kwanza ukatwe kwenye S ya ndani, huu wa pili uchopekwe, na kilichokatwa kitundikwe penye nyota. Matokeo yake ni "Kitabu hiki, mwalimu anadhani kuwa mtoto amekisoma." Mti mwingine wa "mkuu wa shule amesikia kuwa" waweza kuchopekwa tena katika S ya mwalimu: "Kitabu hiki, mkuu wa shule amesikia kuwa mwalimu anadhani kuwa mtoto amekisoma." Kitabu na -ki- vimetenganishwa na maneno kumi, na vingeweza kutenganishwa na themanini, lakini havikupoteza mapatano, kwa kuwa vilifungamanishwa kabla ya kutenganishwa. Sarufi ya kanuni ingelazimika kupeleka habari za ngeli ya ki- kutoka kifundo hadi kifundo, kama barua inayopita mikononi mwa matarishi wengi. Sarufi ya miti haina haja ya tarishi. Kwa lugha yenye upatanisho mwingi kama Kiswahili na Kibantu kwa jumla, hiyo ni faida kubwa, pengine kubwa kuliko ile iliyowavutia wanahisabati.

Na iliyowavutia wao ni foleni. Itumike miti saidizi miwili ya majaribio, yenye herufi badala ya maneno:

A: [S a [S S* a]]
B: [S b [S S* b]]

Sharti ni kwamba kuchopeka kufanyike katika S ya katikati tu. Kilele na nyota vimefungwa. Kazi ianze na mti mtupu. Ukichopekwa A hupatikana [S a [S [S] a]], yaani "a a". Sasa S ya katikati ikatwe, B ichopekwe hapo, na kilichokatwa, ambacho kina ile a ya pili, kitundikwe penye nyota ya B:

[S a [S b [S [S [S] a] b]]]

Yasomwe majani kutoka kushoto kwenda kulia: a b a b. Rundo la sahani lingetoa a b b a. Hapa foleni imepatikana, na anayetaka kuirefusha achopeke mti C katika S mpya ya katikati apate a b c a b c. Herufi za kushoto zikibadilishwa kuwa nomino na za kulia kuwa vitenzi, huo ndio mpango wa Kijerumani cha Uswisi.

Sarufi hii haiwezi kila kitu, na hilo ni sifa yake. Yaweza kulinganisha idadi ya mafungu manne ya herufi yanayofuatana, si matano. Yaweza kurudia mfuatano mara mbili, si mara tatu. Joshi alishikilia kwamba lugha za wanadamu zimo katika eneo hili jembamba, hatua ndogo tu juu ya sarufi isiyotegemea muktadha. Mwaka 1994 Vijay-Shanker na Weir walichapisha uthibitisho kwamba sarufi hii na nyingine tatu, zilizobuniwa na watu mbalimbali kwa sababu mbalimbali, huzalisha lugha zilezile kabisa. Watu wanne wanapochimba visima mbalimbali na kukuta maji yaleyale, ni haki kudhani kwamba chini kuna mto mmoja.

Gharama

Nguvu haipatikani bure. Kwa sarufi isiyotegemea muktadha, zipo njia za kuchanganua sentensi ambazo hatua zake, hata hali ikiwa mbaya, hukua kwa kadiri ya kipeo cha tatu cha idadi ya maneno. Kwa sarufi ya miti, njia waliyoitoa Vijay-Shanker na Joshi mwaka 1985 hukua kwa kipeo cha sita. Sentensi ya maneno 10 ni kadiri ya 1,000 kwa ya kwanza na 1,000,000 kwa ya pili. Ya maneno 20 ni 8,000 dhidi ya 64,000,000. Urefu ukiongezeka maradufu, kazi huongezeka mara 8 huku na mara 64 kule. Hesabu hiyo ni ya kikomo cha juu, na sentensi nyingi hazikifikii, lakini yaonyesha kwa nini mtaalamu asiseme ovyo kwamba sarufi yenye nguvu zaidi ndiyo bora.

Mitambo ya lugha iliyoenea katika miaka ya 2020 haipewi miti wala kanuni. Hujifunza kutokana na wingi mkubwa wa maandishi. Wapo wanaosema kwamba kwa sababu hiyo somo la miti limepitwa na wakati. Maoni hayo ni ya haraka. Tal Linzen na wenzake walipoupima mtandao wa namna hiyo mwaka 2016 kwa upatanisho wa umoja na wingi wa Kiingereza, waliona kwamba makosa huongezeka kadiri nomino za idadi tofauti zinavyozidi kuingia kati ya kiima na kitenzi. Kipimo chenyewe kilitokana na mti, kwa maana pasipo mti hakuna anayejua ni nomino ipi yapaswa kupatana na kitenzi kipi. Kiingereza kina umoja na wingi tu. Kiswahili, chenye ngeli zake na viambishi vya kiima na vya yambwa, ni mtihani mkali zaidi, na walimu wanaokijua vizuri ndio wanaofaa kuutunga.

Kazi ya darasani

1. Katika mti wa "kitabu hiki", nomino ibadilishwe iwe "barua hii", kisha "magazeti haya". Ni neno gani jingine lapaswa kubadilika, nalo limo katika mti upi? Mti wa mwalimu umeguswa?

2. Miti A na B itumiwe kupata b a a b a a. Kila hatua iandikwe kwa mabano. (B haina budi kutangulia, A huchopekwa mara mbili.)

3. "Mwalimu alimpiga picha mwanafunzi akicheka" ina miti miwili, lakini "Mwalimu aliwapiga picha wanafunzi wakicheka" ina mmoja. Ichorwe yote mitatu, na ielezwe ni kiambishi kipi kilichoondoa utata.

4. Tangazo la mashua liandikwe upya mara mbili, ili kila andiko liwe na mti mmoja tu.